Kokoto jeupe, kokoto jeusi: siku kumi na moja mwambao wa Kigoma

Jumamosi, stesheni ya Tabora

Treni ya Kigoma imechelewa. Nimekalia begi langu chini ya taa ya jukwaani, nazihesabu barua kwa mara ya tatu: barua ya chuo ya kunitambulisha, kibali cha utafiti, cheti cha kamati ya maadili. Kila moja nina nakala tano, kwa sababu kila ofisi itataka kubaki na yake. Nakwenda kuwauliza watoto wa darasa la tano, katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa nini siku fulani wanafika shule na siku nyingine hawafiki. Jina la kijiji sitalitaja, wala la mtu yeyote niliyekutana naye huko. Ndivyo nilivyowaahidi.

Hapa Tabora nina deni. Miaka sita iliyopita nilikuwa msaidizi wa utafiti katika shule moja ya mkoa huu. Binti wa darasa la sita alinieleza mambo ya kwao, nami nikamwapia kwamba hakuna atakayejua. Jina lake sikuliandika popote, nikampa namba. Lakini kwenye ripoti niliandika kwamba mwanafunzi huyu analelewa na baba wa kambo, na kwamba ni yeye peke yake darasani anayevuka mto kuja shule. Ripoti ikapelekwa shuleni kwa heshima zote. Walimu waliipitia wakati wa chai ya saa nne, na chai haikuisha kabla hawajamjua. Mwalimu mmoja alinipigia simu kunipongeza, akasema nimeandika vizuri mpaka mtoto anaonekana. Kabla ya mwaka kuisha binti yule alihamishwa shule. Sijamwona tena.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba majina yamefichwa, siridhiki. Mtoto wa kijijini hatambuliwi kwa jina tu. Anatambuliwa kwa njia anayopita, kwa kovu la mguuni, kwa mama aliyeondoka, kwa ng'ombe wa babu yake. Ukiviandika hivyo vyote ukaacha jina, umemtangaza.

Jumapili, ndani ya behewa

Alfajiri imetukuta baada ya Kaliua, pale reli ya kwenda Mpanda inapochepuka kushoto. Nje ni miombo mitupu na mizinga ya nyuki juu ya miti. Mbele yangu ameketi mzee aliyestaafu ualimu, anarudi Kasulu. Tumekula karanga zake mpaka Malagarasi.

"Mwanangu," akaniuliza, "kumuuliza mtoto maswali kuna hatari gani hata upite ofisi zote hizo? Humchomi sindano."

Nikamweleza habari ya mwaka 1939, jimbo la Iowa, Marekani. Profesa Wendell Johnson na mwanafunzi wake Mary Tudor walichukua watoto 22 katika kituo cha yatima. Baadhi yao walikuwa wanazungumza vizuri kabisa, lakini wakaambiwa kwamba wana kigugumizi, wakawa wanakosolewa kila wanapofungua mdomo. Hakuna aliyechomwa sindano. Yalikuwa maneno tu. Baadhi ya watoto wakaanza kuogopa kuongea, wengine wakajikunyata. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi hadharani mwaka 2001, miaka zaidi ya sitini baadaye.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo naona ndilo lenyewe: "Kwa nini walichukua yatima?"

"Kwa sababu hawakuwa na mtu wa kukataa kwa niaba yao."

"Basi na wewe huko uendako," akasema, "tazama nani hana wa kumkatalia."

Nililiandika neno hilo kwenye jalada la daftari. Baada ya Uvinza na chumvi yake, vilima vikaanza kuwa vya kijani, michikichi ikatokea, na mchana tukalisikia ziwa kabla ya kuliona. Mwisho wa reli, kama watu wa Kigoma wanavyouita mji wao. Wajerumani walifikisha njia hii hapa mwaka 1914, na jengo la stesheni bado linatazama maji.

Jumatatu, ofisi

Mkoa, wilaya, halmashauri, elimu msingi. Mihuri minne kwa siku moja, jambo la kushukuru, maana safari nyingine nimewahi kulala siku tatu nikisubiri mmoja. Sina mengi ya kusema juu ya ofisi ila hili: mihuri yote ile inanipa ruhusa ya kufika kwenye mlango wa shule. Haisemi lolote juu ya mtoto aliye ndani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kushiriki katika maamuzi yanayomgusa, na ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inasema vilevile. Kwa hiyo baada ya mkuu wa mwisho kusaini, bado kuna saini moja inayokosekana, na mwenye nayo ana miaka kumi au kumi na moja.

Jumanne, kutoka Kibirizi

Boti ya mbao iliondoka mwalo wa Kibirizi saa saba mchana, imebeba magunia ya unga wa muhogo, kreti za soda, magodoro mawili na watu wapatao arobaini. Upepo wa kusi ulikuwa unatusukuma kwa nyuma. Msaidizi wangu ni kijana wa huku, amesoma ualimu, Kiha ndicho lugha ya mama yake. Bila yeye ningekuwa nusu kiziwi.

Tulipokuwa tunapita mbele ya misitu ya Gombe alininyooshea kidole. Hapo ndipo Jane Goodall alipotia nanga Julai 1960. Nimekuwa nikimfikiria sana safari hii, ingawa yeye alichunguza sokwe na mimi nachunguza watoto. Yeye aliwapa sokwe majina wakati wataalamu wa siku zile walitaka namba, na kwa kuwapa majina aliweza kumwona kila mmoja na tabia yake. Kazi yangu inanidai kinyume, niwavue watoto majina. Nitawezaje kumwona mtoto mmoja mmoja jinsi alivyo bila kumwanika juani kama dagaa?

Na kuna habari ya ndizi. Ili sokwe wasogee karibu, pale kambini waliwekewa ndizi. Walisogea kweli, wakaonekana vizuri, lakini ndizi zilileta ugomvi, na ikabidi ulishaji ule upunguzwe, kwa kuwa tabia iliyokuwa inaandikwa sasa ilikuwa imeguswa na ndizi zenyewe. Mimi kwenye begi nina boksi la kalamu na madaftari. Nilikuwa nimepanga kumpa kila mtoto atakayehojiwa. Kabla boti haijafika nilibadili mpango: vitagawiwa kwa darasa zima siku ya kuondoka, aliyehojiwa na asiyehojiwa, na sitavitaja hata kwa bahati mbaya kabla ya siku hiyo.

Tulifikia kwa bibi mmoja, mama wa mvuvi. Alitupokea kwa kupiga makofi taratibu na "mwakeye" ndefu, salamu ya Kiha ya asubuhi, japo jua lilikuwa limeshaanza kuzama. Akasema kwa Waha salamu ya mgeni haina saa. Ugali wa muhogo, mgebuka kwa mawese. Akaniuliza nimefuata nini. Nikamweleza. Akatazama juu.

"Wiki hii ni giza," akasema. "Ukitaka watoto shuleni, ungekuja na mbalamwezi."

Jumatano, darasa la tano

Ilinibidi niombe madaftari ya mahudhurio ya muhula uliopita nimwelewe bibi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hazina nguvu mwezi ukiwa umejaa. Kwa hiyo usiku wa giza mitumbwi inaingia ziwani, asubuhi mwalo unajaa, na mikono midogo inahitajika kumwaga, kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru. Nilipoweka kalenda ya mwezi kando ya daftari la mahudhurio, nafasi tupu zilijikusanya zenyewe kwenye wiki za giza. Mpango wangu wa chuoni ulisema nikusanye data kwa siku tatu mfululizo, Jumatano hadi Ijumaa. Kama ningeufuata nikiwa nimeangukia giza, ningeandika kwamba watoto wa huku ni watoro. Ningeangukia mbalamwezi, ningeandika kwamba mahudhurio ni mazuri. Sampuli mbili, kijiji kilekile, na zote mbili uongo. Nimeongeza siku, na nimepanga kurudi mwezi utakapojaa.

Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri mno. Aliwasimamisha watoto waliokuwepo, 34.

"Mgeni wetu ametoka chuo kikuu. Mko tayari kumsaidia?"

"Ndiyo, mwalimuuu!"

Mikono yote juu. Mmoja ulichelewa: binti wa dawati la nyuma, karibu na dirisha, alitazama kwanza kushoto, akatazama kulia, ndipo akanyoosha. Nilishusha pumzi. Huo mkono ndio pekee nilioamini.

Niliomba dakika ishirini na darasa, mwalimu mkuu akiwa nje. Nikawauliza: "Je, maziwa ni makubwa kuliko maji?"

"Ndiyooo!"

"Je, maji ni makubwa kuliko maziwa?"

"Ndiyooo!"

Swali hili si langu. Mwaka 1980 Martin Hughes na Robert Grieve walichapisha matokeo ya kuwauliza watoto wa miaka mitano na saba wa Uingereza maswali yasiyo na maana, kama vile nyekundu ni nzito kuliko njano, na karibu wote walijibu, tena kwa sababu walizozitunga papo hapo. Kwa hiyo tabia hii si ya Kiha wala ya Kitanzania. Mtoto popote anaamini kwamba mtu mzima hawezi kuuliza upuuzi, kwa hiyo anatafuta cha kumpa. Ila kwetu tunaiongezea uzito. Mtoto wetu amefundishwa kusimama, kusema shikamoo, kuitikia. Na akiulizwa swali mara ya pili anajua jambo moja tu: jibu la kwanza lilikosewa. Katikati ya miaka ya 1970 pale Edinburgh, James McGarrigle na Margaret Donaldson waliligusa hilo. Waliona kwamba watoto hujibu kwa usahihi zaidi pale ambapo safu ya vitu inapangwa upya kana kwamba kwa bahati mbaya, na mdoli, kuliko pale ambapo mtu mzima anaipanga upya kwa makusudi kisha anauliza tena. Nikiyatazama madodoso yetu yenye swali moja lililozungushwa mara tatu "kuhakiki uthabiti wa majibu", nahisi tunapima adabu na kuiita maarifa.

Basi tukafanya mazoezi ya maneno matatu: "Sijui." "Swali silielewi." "Sitaki." La kwanza na la pili waliyasema bila shida. La tatu halikutoka. Niliwaambia, "Naomba mnipe viatu vyenu vyote niende navyo mjini." Kimya. Mmoja akaanza kuvua ndala zake. Nilimzuia, moyo ukiniuma, nikarudia taratibu kwamba hapa, kwangu mimi, kwa jambo hili, kukataa si utovu wa nidhamu. Mara ya nne kijana mmoja akanong'ona, "Sitaki." Nikamshukuru kwa sauti. Baada ya hapo likatoka darasa zima, kwa nguvu, kama wimbo.

Mwalimu mkuu alikuwa amesikia. "Mwalimu," akaniambia ofisini, na hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi wa kweli, "wewe utaondoka. Kesho wakinikataa mimi?"

Nilimjibu kwamba hofu yake naielewa, nami nimefundisha darasa la watoto 70 peke yangu. Nikamwonyesha mipaka: neno lile ni la chini ya mwembe tu, nitakapofanyia mahojiano, kwa maswali yangu tu. Akafikiri. Akasema atakuwepo shuleni siku zote, lakini chini ya mwembe hatafika. Namheshimu sana kwa hilo.

Alhamisi, wazazi

Kikao kilifanyika kwenye kivuli cha ofisi ya kijiji. Wanawake wengi, wanaume wachache, kwani waliokesha ziwani walikuwa wamelala. Fomu yangu ya ridhaa ina kurasa mbili za Kiswahili cha chuo. Niliiweka chini. Tuliisema kwa mdomo, kwa Kiswahili na kwa Kiha: nauliza nini, kwa muda gani, sauti zinahifadhiwa wapi, nani atazisikia, lini zitafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, nami niliwaeleza hivyo: haya ni mambo ya kufungiwa, si ya kuachwa juu ya meza. Hakuna sura ya mtoto itakayopigwa picha.

Walezi wengi walikuwa mabibi. Fomu ilisema "mzazi". Nilikata neno hilo kwa kalamu nikaandika "anayemlea", na nitalipeleka kwenye kamati ya maadili lirekebishwe rasmi. Bibi anayemwogesha mtoto, anayemlisha, anayemtuma shule, hawezi kuwa mgeni kwenye karatasi.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akaomba nafasi.

"Mlikuja wengine mwaka juzi. Mkapima watoto, mkauliza nani anakula mara ngapi, mkaandika. Majibu yako wapi?"

Sikuwa mimi, wala sikujua walikuwa nani. Lakini sikuweza kusema "sikuwa mimi", kwa sababu kwake sote ni watu wa madaftari. Niliomba radhi. Nikaahidi mambo mawili yanayopimika: kabla sijapanda boti nitarudi hapa kueleza nilichokisikia, na ripoti ikikamilika nitaleta kurasa chache za Kiswahili cha kawaida, baada ya kuziondolea kila kitu kinachomchora mtoto. Mzee akasema, "Tutaona." Ilikuwa haki yake.

Walezi wawili walikataa. Hawakutoa sababu na sikuuliza.

Ijumaa, chini ya mwembe

Usiku nilikuwa na tatizo. Nikiwaita wanaokubali tu, shule nzima itawajua waliokataa. Msaidizi wangu ndiye aliyelipatia dawa, akiwa anachezea mawe ya ufukweni.

Kwa hiyo tukafanya hivi. Watoto wote walioruhusiwa na walezi waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa muda uleule, mahali ambapo mwalimu anatuona lakini hawezi kutusikia. Wale wawili ambao walezi walikataa nao waliitwa, wakachora tu. Mtoto alikuta makokoto mawili mezani, jeupe na jeusi. Akinipa jeupe tunazungumza. Akinipa jeusi hatuzungumzi utafiti, tunacheza mdako mpaka muda wake uishe. Na hata tukiwa katikati ya mazungumzo, akilichukua jeusi, tunaacha hapohapo. Aliyekaa darasani hakuweza kujua nani amefanya nini.

Watoto saba walinipa jeusi. Siku mbili tu nyuma mikono yote ilikuwa juu.

Yule binti wa dirishani alikuwa mmoja wao. Alilisukuma kokoto jeusi kwa kidole bila kunitazama, kisha akanishinda mdako mara tano.

Waliozungumza sikuwauliza kama wanapenda shule. Jibu lake liko tayari tangu darasa la kwanza. Niliwauliza: "Jana, tangu ulipofungua macho, nieleze." Wakaeleza. Mtoto ana kumbukumbu kali ya jana: nani alimwamsha, alikunywa nini, ndoo ngapi, nani alimtuma. Kutokana na jana hizo, utoro ulianza kupata sura. Wapo waliotoka mwaloni saa mbili wakakimbia shule na mikono inanuka, wenzao wakawacheka, na siku iliyofuata wakaona heri wasije. Hilo halimo kwenye dodoso lolote nililowahi kubeba. Harufu ya mikono.

Mvulana mmoja aliniambia jana yake haikuwa na usiku. Alikuwa ziwani, yeye ndiye mshika taa. Akasema akisinzia anamwagiwa maji, na mara moja alipigwa kamba. Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyosemea uji.

Nilikuwa nimewaambia wote tangu mwanzo, kabla ya kokoto: siri yako naitunza, isipokuwa ukiniambia jambo linaloonyesha kwamba unaumizwa, hapo nitakuuliza tumwambie nani. Maneno hayo niliyajifunza kutokana na Tabora, ambako niliapa kiapo ambacho hakuna mtu mzima mwenye haki ya kumwapia mtoto. Nikazima kinasa sauti. Nikamkumbusha. Nikamuuliza.

Alifikiri muda mrefu. Kokoto jeusi lilikuwa mbele yake na hakuligusa.

"Mwalimu wa malezi," akasema. "Yule mama. Si mwalimu mkuu."

"Twende pamoja?"

"Jumatatu. Leo mjomba yupo."

Jumamosi na Jumapili, majumbani

Kumsubiri Jumatatu kulinikosesha usingizi. Mtumbwi ni wa mjomba wake, na mjomba ndiye anayewalisha watu wanane. Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Hilo liko wazi. Lisilo wazi ni nani atamnyooshea mtoto huyu kidole cha lawama mambo yakiharibika. Nilikata shauri: kama usiku wa Jumamosi angepelekwa ziwani ningekwenda kwa mwalimu yule hata usiku. Msaidizi wangu alikwenda mwaloni jioni, kama mtu anayenunua dagaa. Mvulana hakuingia kwenye mtumbwi.

Mchana tulipita nyumba kwa nyumba na kadi za kusoma. Uwezo, upimaji ulioanza Afrika Mashariki mwaka 2009, uliwafuata watoto nyumbani kwa jaribio la kiwango cha darasa la pili, na sababu yake huku inaonekana kwa macho: ukipima darasani, unampima aliyekuja. Watoto sita ambao sikuwahi kuwaona shuleni niliwakuta kwenye vichanja vya dagaa. Wawili walisoma hadithi bila kukwama. Mmoja alikwama kwenye "kiwanda", kisha akamweleza bibi yake hadithi nzima kwa Kiha bila kukosea kitu. Kadi ina kisanduku kimoja, ameweza au hajaweza. Niliandika pembeni, kwa maneno.

Kwa kina binti wa dirishani nilisaidia kugeuza dagaa. Sikuwa na maswali, sikuwa na kokoto. Tulifanya kazi bega kwa bega karibu saa nzima, na akaanza kuongea mwenyewe. Usiku nikayaandika. Vitabu vya mbinu za utafiti hukwambia kwamba ushuhudiaji, yaani kuona na kusikia ukiwa ndani ya shughuli za watu, huleta data yenye utajiri mkubwa.

Jumatatu, mwalimu wa malezi

Alitusikiliza mvulana na mimi, mlango ukiwa wazi, na alimwuliza mtoto mambo machache tu, hakumrudisha kwenye hadithi nzima. Mara moja inatosha, aliniambia baadaye. Kila anayemtaka aeleze upya anamjeruhi upya. Alimpigia afisa ustawi wa jamii, na akampa mvulana namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, akaiandika ndani ya jalada la daftari la hisabati mahali ambapo mjomba hatafungua.

Waliamua kuanza kwa kumwita mjomba pamoja na mwenyekiti wa kijiji, kwa heshima, juu ya mahudhurio ya shule. Mimi nilijiondoa. Nilitaka sana kubaki kwenye kikao kile. Lakini mgeni akikaa pale, mjomba atajua ni nani aliyesema na kwa nani.

Jioni nilirudi kwenye kivuli cha ofisi ya kijiji kama nilivyoahidi. Nilisema juu ya mwezi na mahudhurio, juu ya harufu ya mikono, juu ya watoto wanaosoma vizuri vichanjani. Juu ya ziwa la usiku sikusema neno. Wanawake watatu walianza kubishana papo hapo kuhusu sabuni na ndoo ya maji ya kunawia pale mwaloni, nani anunue. Mzee wa nguzo alikuwepo. Hakuuliza kitu.

Jumanne, boti ya kurudi

Kalamu na madaftari yaligawiwa asubuhi, darasa zima. Saa nne boti ilikuwa imeshajaa, injini inaunguruma, msaidizi wangu tayari amepanda, nami nimetia mguu mmoja majini, niliposikia miguu ikikimbia kwenye mchanga. Binti wa dirishani, sketi ya shule, daftari jipya mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Yale niliyosema kule kwenye dagaa. Uliandika?"

"Niliandika."

Alitazama maji. Abiria walikuwa wanatusubiri, nahodha ameshika kamba.

"Sitaki."

Nilishusha begi kwenye mchanga, nikatoa daftari, nikatafuta ukurasa wa Jumamosi. Ulikuwa umejaa pande zote mbili. Nilimwonyesha mwanzo na mwisho ili ahakikishe ni wenyewe, nikauchana karibu na uzi, nikampa. Akaukunja mara nne, akauweka katikati ya daftari lake, akasogea nyuma hatua mbili ili boti isukumwe.

"Mwezi ukijaa nitarudi," nikamwambia. "Kwa mdako."

"Sawa," akasema.